Barakoa za Sajini Anyona

Watu wa Birongo wakikuambia Makori ni mtu mpole, usiwabishie, ila ujue hawamjui. Wanamwona ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake, migomba nyuma na majani chai mbele, akiitikia salamu kwa kuinua mkono tu, nao wanadhani ni upole. Kumbe mwenzao anaweka akiba ya pumzi. Alikuwa nayo kidogo, na kwa muda mrefu alijua ataitumia kwa nani.

Mtu huyo alikuwa Sajini Anyona wa upande wa Nyamira, mkubwa wake wa zamani jeshini. Makori alimchukia kwa chuki iliyoamka kabla yake kila asubuhi na kumngoja mezani.

Makori hakuzaliwa na kifua kibovu. Ujanani alibeba kikapu cha majani chai kutoka bondeni hadi kituo cha kununulia bila kupumzika, na siku ya kuandikishwa makuruti aliwaacha wenzake wakila vumbi. Jeshi likampeleka karakana ya magari katika kambi moja Bonde la Ufa, akafundishwa kupaka rangi kwa bunduki ya upepo. Aliipenda kazi hiyo. Lori lililoingia limebabuka lilitoka mikononi mwake likiwa la kijani kisichong'aa hata juani, maana gari la vita halitakiwi kumeremeta. Yale ya kwenda kulinda amani nchi za watu aliyapaka meupe.

Rangi yenyewe ilichanganywa na hadna, dawa ya kuifanya ikauke na kuwa ngumu. Hadna haina huruma. Ikipulizwa huioni, harufu yake si kali ya kumfukuza mtu, lakini huingia kifuani na kufanya makao. Kwa sababu hiyo jeshi lilileta barakoa maalumu, zenye mpira mrefu wa kumletea fundi hewa safi kutoka nje ya chumba, pamoja na glavu na ovaroli zenye kofia. Vilitosha kila fundi. Sajini Anyona, msimamizi wa chumba cha rangi, akavipokea, akavipanga kwenye kabati la vioo, akapiga kufuli na kuutia ufunguo mfukoni.

Laiti angeviuza, Makori angemwelewa, maana wizi unaeleweka. Lakini Anyona alikuwa mtu wa ukaguzi. Kwake kifaa kilichotumika kilikuwa kifaa kilichochafuka, na uchafu ni aibu mbele ya wakubwa. Mama zetu hufungia vikombe vizuri kabatini vikingoja wageni, watoto wakanywea chai kwenye vikopo vya plastiki, na Anyona alizitunza zile barakoa vivyo hivyo. Wakaguzi walikuja, wakaziona zinavyong'aa, wakampa mkono. Mafundi walijifunga vitambaa puani, na jioni Anyona akawagawia maziwa ya pakiti.

"Kunyweni, hii inaosha kifua," alikuwa akisema, na kibaya zaidi aliamini.

Siku Makori alipoanza kusikia filimbi ndani ya mbavu zake, alimwendea mkubwa wake kwa adabu.

"Afande, kifua inanibana. Naomba mask moja tu, hata kama ni ya leo."

"Makori, ukaguzi ni wiki ijayo. Sasa unataka wakubwa wakuje waone madoa?"

Alasiri hiyo alianguka kando ya gurudumu la lori alilolipaka mwenyewe. Daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba mapafu yake yameshaijua hadna na hayataisahau. Kuanzia siku hiyo, hata akiinusa kidogo kutoka ng'ambo ya barabara, kifua kitafunga, na huenda siku moja kikakataa kufunguka. Makori akarudishwa nyumbani kwa ugonjwa. Anyona, kwa taarifa yako, alisifiwa mbele ya gwaride kwa utunzaji bora wa vifaa.

Nyumbani, mwanamume aliyewaacha wenzake wakila vumbi akawa wa kusimama mara mbili kati ya mlango na choo. Kikapu cha majani chai kilimhamia mkewe, Nyamoita. Hilo alilivumilia. Hakuvumilia harusi ya binti yao Nyakerario. Kanisa lilikuwa limemaliza kupulizia viti vanishi mpya yenye hadna, na Makori alipofika mlangoni tu kifua kikampiga breki. Binti yake akaingizwa kanisani na mjomba wake, naye baba mzazi akabaki getini na suti yake, akisikiliza viapo kupitia dirishani kama redio ya jirani.

Siku hiyo ndipo alipoanza kuitunga hotuba. Aliitunga kwenye kigoda, akaifanyia mazoezi kati ya migomba, akaondoa maneno, akaongeza mengine makali zaidi. Ndani yake Anyona alitajwa kwa jina, kabati lilitajwa, na kila fundi aliyekohoa alitajwa. Kilichokosekana ni umati wa kuisikia, na Anyona mwenyewe awepo, avuliwe heshima yake mbele ya watu wake.

Basi Anyona akastaafu, akaja kufungua gereji ya kupaka magari rangi chini ya mlima wa Nyanchwa. Jumapili ya ufunguzi kungekuwa na mahema, mchungaji na spika kubwa. Askari wa zamani walialikwa, Makori akiwamo. Alipoipata habari hiyo alifurahi mpaka Nyamoita akaogopa.

"Baba Nyakerario, hiyo rangi itakuua," akamwambia.

"Nitakuwa nimeongea."

"Na ukishaongea?"

Mawazo ya Makori hayakuwahi kuvuka hapo. Nyamoita alimjua mumewe, hakubishana zaidi. Alisema watakwenda wote, na inhela, ile dawa yake ya kuvuta kifua kikifunga, ataibeba yeye kwenye mkoba wake.

Gereji ilipendeza, tusimnyime mtu haki yake. Na ukutani, juu kabisa, zilining'inia barakoa mpya zikiwa bado ndani ya nailoni, zimepangwa zikiwaangalia wageni. Chini ya barakoa hizo alisimama fundi mmoja, Ochoki, mtu mzima mwenye familia yake, bunduki ya rangi mkononi na kitambaa puani.

Baada ya maombi, Anyona akaamuru wageni waonyeshwe kazi. Kompresa ikanguruma, Ochoki akapiga boneti ya pikapu rangi nyekundu, watu wakashangilia. Makori alikuwa ameketi safu ya mbele. Nyamoita akamshika mkono amwondoe, naye akautoa. Kifua kilianza kukaza polepole, jinsi kamba inavyokazwa kwenye mzigo wa kuni.

Anyona akachukua maikrofoni. Akaisifu nidhamu ya jeshi, akausifu usafi, kisha macho yake yakamwangukia Makori na uso ukamchangamka.

"Huyu mnaona hapa ndiye fundi wangu namba moja. Makori, simama, salimia watu."

Akampa maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe. Makori akasimama. Miaka yote ile ilikuwa ya kuifikia dakika hii. Akafungua mdomo, na hotuba haikutoka. Alilitafuta neno la kwanza, akakosa pumzi ya kulisukuma. Kilichotoka ni ile filimbi ya mbavuni, nyembamba na ndefu, kisha mkoromo, kisha filimbi tena, na spika zile kubwa zikaitangaza mpaka barabarani.

Watu waliokuwa wakishangilia waligeuza shingo. Makori alikasirika kiasi cha kutaka kulia, kwamba hata hapa Anyona amemnyang'anya sauti. Nyamoita alikuja na inhela, Makori akaisukuma kando. Akanyoosha kidole, kwanza kifuani pake, halafu kwa Ochoki, halafu kule ukutani kwenye barakoa. Maikrofoni haikumtoka mdomoni.

Ochoki alimtazama. Yeye pia alikuwa na kikohozi cha asubuhi ambacho hakuwa amemwambia mtu. Akaiweka bunduki chini, akapanda juu ya ndoo, akaishusha barakoa moja na kuichana nailoni kwa meno.

Anyona alisahau wageni, akasahau na mchungaji. Alikuwa karibu na maikrofoni, na spika zikamchukua neno kwa neno.

"Wewe, rudisha hiyo! Hizo ni za wageni kuona. Utaichafua!"

Mama mmoja alimshika mumewe, fundi wa hapohapo, wakatoka. Ochoki aliivaa barakoa, akawatazama watu kupitia kioo chake, kisha akaivua na kumkabidhi Anyona pamoja na ovaroli. Makori aliona uso wa Anyona ukipauka, akala shibe yake yote hapo. Ndipo alipopokea inhela, akaanguka.

Hospitali ilimrudisha, lakini si mzima. Sauti ilibaki huko. Sasa huongea kwa kunong'ona, maneno machache kwa mara moja, na Nyamoita humsikilizia mdomoni. Gereji nayo ilikosa mafundi, na wateja wakaanza kuulizana mambo.

Juzi Anyona alifika Birongo na mchungaji, sukari na mkate mkononi. Alivua kofia getini, akasema amekosa, akaomba asamehewe. Mchungaji akaongeza maneno mazuri kuhusu mioyo isiyofunga milango. Makori alimwita mkewe kwa kidole, akamnong'oneza, akapumzika, akanong'oneza tena.

Nyamoita akasimama wima.

"Anasema amekusikia, Sajini. Anasema pumzi amebaki nayo ni ya kula na ya kuniongelesha mimi. Kukusamehe kunataka nyingine. Rudisha ile ulichukua, halafu ukuje."

Anyona akavaa kofia. Nyamoita aliupokea mkate, akafunga geti. Makori alitaka kucheka, akaona kicheko nacho kinakula pumzi, akatabasamu tu mpaka mgeni akapotelea nyuma ya migomba.