Siti ya Nyuma ya Starlet

Mume wangu Lutufyo si mlevi, si mhuni, wala hajawahi kuninyanyulia mkono. Ugonjwa wake ni magari. Kutwa anauza mbolea Tukuyu mjini, jioni yuko kwenye simu anaangalia watu wanavyokata kona. Siku aliposikia kwamba nje ya Mbeya kuna kiwanja cha vumbi ambapo mtu anakwenda na gari lake la kutembelea, analikimbiza mpaka achoke, kisha analirudisha nyumbani, basi, hatukulala.

Starlet tuliinunua wote wawili, kwa ndizi zangu na mbolea yake, kwa hiyo tulikaa tukaamua ibadilishwe mpaka wapi. Fundi Idrisa alituambia waziwazi: breki nzuri, tairi mpya na mkanda imara vinalitosha gari ambalo Jumapili linakwenda kanisani. Ukilishusha chini, barabara za huku zitalikwangua tumbo. Ukitoa siti ya nyuma liwe jepesi, limebaki gari la mtu na rafiki yake.

Mimi niliishikilia siti ya nyuma. Baba mkwe, mzee Rubeni, anaishi nasi hapo Kawetele, na kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hatazamani na baba mkwe. Nikimsikia anakohoa uani, napitia nyuma ya jiko. Wengi wameacha, mimi na yeye hatujaacha. Garini yeye hukaa mbele, mimi nyuma yake nimejitanda khanga, na heshima inabaki.

"Mama Asifiwe, siti haiguswi," Lutufyo aliniambia. "Na gari halishuki hata kidole."

Nikamwamini, mjinga mimi.

Mama yangu alifariki alfajiri huko kwetu Suma, mvua za mwezi wa nne zinamwagika. Ndugu wakasema wanazika siku ile ile. Nikajitanda, nikafungua mlango wa nyuma wa gari alilokuwa amelitoa gereji jana yake. Siti hakuna. Bati tupu, na mabomba ya chuma yamepishana katikati, hata mbuzi asingeenea. Na gari lenyewe limeshushwa mpaka linakaribia kugusa ardhi.

"Baba Asifiwe, hii nini?"

"Nilitaka nikwambie baada ya mbio za Jumamosi."

Sikuwa na nguvu ya kugombana, nimefiwa. Mzee Rubeni, uso ameugeuzia ukutani, akasema yeye atabaki, mimi nitangulie kwa mama yangu. Lutufyo akakataa. Baba yake ni mkwe, hawezi kukosekana kaburini, alisema. "Nikimfikisha mzee narudi kukuchukua. Usihangaike na bodaboda, utaanguka kwenye matope."

Wakaondoka wawili, mimi nikakaa kibarazani. Nikapiga simu, haipokelewi. Nikapiga tena. Nilipoona mchana unaniishia nikachukua bodaboda. Dereva akagoma njiani kwa utelezi, nikamalizia kwa miguu, viatu mkononi. Nilifika wanaweka maua. Mama yangu nimemkuta tuta la udongo.

Dada yangu Imakulata alinikumbatia, akanishika paji la uso. "Homa imepungua? Tulitaka kukungoja, shemeji akasema huwezi hata kusimama, tuendelee."

Shemeji ndiye huyo Lutufyo. Nikamvuta pembeni, na hakukana. Gari lilikwangua jiwe pale mteremkoni, akaogopa kulipitisha tena kabla ya Jumamosi. Na watu walipouliza niko wapi, ataanzaje kuwaeleza kwamba gari halina siti? Akaona heri aseme naumwa. Aliyasema hayo akitazama viatu vyake. Mwanaume niliyemzalia aliweka mama yangu upande mmoja na tumbo la Starlet upande wa pili, akachagua Starlet. Iliniuma kuliko hata msiba wenyewe.

Matanga yalipoisha alikuja kunichukua. Alikuja peke yake, siti ya mbele ameipangusa vizuri, na sauti ya upole kweli. Shangazi zangu wamekaa pale pale wanasikia.

"Mama Asifiwe, twende nyumbani."

"Siwezi hata kusimama," nilimwambia. "Si uliwaambia mwenyewe?"

Shangazi zangu wakamgeukia wote. Yeye akawasha gari akaondoka polepole, akikwepa mawe. Mimi bado niko Suma. Asifiwe akifunga shule, amesema anakuja huku huku.