Gundi ya Soli

Tangu ujana wake wateja walimwita Soli, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Alikuwa fundi viatu wa barazani, fundi hasa, si hawa wanaokubandikia kiatu leo kesho kimefungua mdomo njiani. Kiatu alikibana kwa magoti, soli akaikandamiza tumboni, akavuta uzi wa nta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Miaka thelathini tumbo lilikuwa meza yake ya kazi, kisha tumbo likamgeuka.

Ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Walimpasua kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu, wakakata kipande cha utumbo, na mdomo wa utumbo uliobaki wakautoa nje, ubavuni kushoto. Juu yake wakabandika mfuko wa plastiki wa kupokea choo. Soli alipoweza kuinua kichwa, kitu cha kwanza kukagua ni mshono. Alimwambia daktari kazi si mbaya, ila sindano zimepishana nafasi. Daktari alicheka, akavuta kiti, na alipokaa hakucheka tena. Uvimbe wameutoa, alisema, lakini mbegu zake huenda zimebaki mwilini, hazionekani kwa macho. Baada ya wiki sita aje aanze dripu za dawa ya kuziua. Sharti ni ngozi iwe nzima na kidonda kiwe kimefunga, maana dawa ile ikikuta kidonda kibichi inaweza kumuua yeye kabla ya ugonjwa. Na akichelewa, mbegu hazitamngoja.

Basi maisha yake yote yakawa ndani ya hizo wiki sita. Nyumbani alijifunza upya mambo ya mtoto mchanga. Kuinuka kitandani ni kujiviringisha ubavu kwanza. Kukohoa ni kukumbatia mto na kuomba Mungu. Kucheka marufuku, na mtu mwenyewe alikuwa mcheshi. Muuguzi alikuwa amemfundisha mkewe kazi ya mfuko: osha ngozi kwa maji ya vuguvugu, kausha kabisa, bandika taratibu. Wodini mkewe aliifanya vizuri. Lakini walipofika nyumbani Soli alichukua mifuko yake, akaingia bafuni, akajifungia. Mwanamke niliyemwoa nikiwa na nguvu zangu, alisema, hatanifuta choo ubavuni. Upuuzi mtupu! Mama wa watu amemlelea watoto wanne, choo atakiogopa? Lakini kichwa cha Soli kilikuwa kigumu, ukikigonga unaumia wewe.

Wiki ya nne alirudi barazani. Kushona alikuwa hawezi, akawa anatengeneza vifungo na kubadilisha kamba. Siku hiyo alikuja mwalimu wa shule ya jirani, mteja wa siku nyingi, akakaa kwenye kigoda kungoja viatu vyake. Soli akainama kuokota koleo, na mfuko ukabanduka upande mmoja. Alisikia uvuguvugu ukimshuka kiunoni. Harufu ikafuata. Mwalimu alikumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni, akaondoka mbio na kiatu kimoja kimetengenezwa na kimoja bado. Soli alibaki amejishika ubavu, na aibu aliyoiona siku ile ilimuuma kuliko kisu cha daktari.

Asubuhi iliyofuata aliingia bafuni na mkebe wa gundi.

Usimcheke. Gundi ile alikuwa ameiamini maisha yake yote. Ilishika buti za askari na viatu vya wachukuzi, ingeshindwa na kijimfuko? Akapaka safu nyembamba kwenye ngozi na nyingine kwenye mfuko, akangoja ikauke kidogo kama afanyavyo kila siku, kisha akabana kwa kiganja. Iliwasha kama pilipili. Akajikaza kisabuni. Gundi inayowasha ndiyo inayoshika, alijiambia, na zaidi ya hayo harufu yake kali ilifunika ile nyingine.

Na ilishika kweli. Siku nne nzima Soli alikaa barazani meno yote nje, akiwatania wapita njia. Binti yake alipompigia simu kumjulia hali, alijibu kwamba baba yako sasa ni mzima wa afya. Siku ya tano alianza kutembea amepinda. Mkewe aliuliza, akajibiwa ni baridi ya mgongo. Usiku joto lilimpanda Soli, mkewe akaambiwa ni mafua. Wiki nzima alidanganya hivyo, akiongeza gundi mpya juu ya ile ya jana.

Siku ya kliniki muuguzi alipobandua mfuko, ngozi ilikuja nao. Chini yake palikuwa pabichi, pekundu, pana kama kiganja, na usaha pembeni. Muuguzi alinusa, akamtazama usoni, akauliza amepaka nini. Soli alisema ukweli kwa sauti ndogo. Mkewe alikuwa amesimama hapo hapo, amemshikia shati. Dripu hakuwekewa. Alilazwa.

Ngozi ilichukua miezi miwili na nusu kupona. Safari hii mkewe hakuomba ruhusa, alimwosha kila asubuhi mlango ukiwa wazi, na hakumlaumu hata kwa jicho. Walipokwenda tena, daktari aliagiza picha mpya kwanza. Picha ilionyesha madoa matatu kwenye ini.

Soli aliuliza swali moja tu: angeanza ile siku yake, ingekuwaje? Daktari alisema hajui. Huenda yangekuwa haya haya, huenda la. Dawa ataanza leo, lakini sasa ni ya kumwongezea siku, si ya kumponya.

Walitoka wakakaa kwenye benchi la korido kungoja kuitwa. Soli akamwambia mkewe, kama ana la kusema aseme, hata amtukane.

"Asubuhi ile unajipaka gundi," mkewe aliuliza, "mimi nilikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Ungeniita, ningesikia?"

Bafu na jiko lao vimepakana ukuta mmoja. Soli alikuwa amemsikia mkewe akiosha vikombe muda wote ule.

"Ungesikia," alisema, machozi yakamtoka, akayaacha.

"Gundi nimeshakusamehe, baba watoto," mkewe alisema. "Kutoniita, bado."

Muuguzi akafungua mlango, akawaita. Mkewe alisimama kwanza, akampa mkono wa kuinukia.