Fidla inayovuta pumzi

Saa nne asubuhi, baa ya Sugrue bado imefungwa. Viti vimepinduliwa juu ya meza na moto wa mboji iliyokaushwa ndiyo kwanza unashika. Chini, kwenye chumba cha mapipa, Attracta Cryan amepiga magoti kwenye sakafu iliyolowa, akichomoa bomba la bia kutoka kwenye pipa.

Analichovya kwenye ndoo ya dawa ya zambarau, anapanda ngazi, anafungua koki nyuma ya kaunta na kusubiri. Inatoka bia, kisha povu, kisha dawa yenyewe. Anafunga koki. Dawa lazima ikae humo mabombani kwanza, iule uchafu, ndipo aisukume nje kwa maji safi.

Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, hivyo ndivyo anavyopata riziki: anazunguka pwani ya magharibi ya Ireland na gari dogo jeupe, kutoka baa hadi baa, kabla wanywaji hawajaamka vizuri.

"Watu wakininusa wanadhani mimi mlevi," anasema huku akijifuta mikono. "Sinywi hata tone. Ukishaona kinachoota ndani ya mabomba haya, na wewe utahamia kwenye chai."

Dawa ikiwa inakaa, Attracta hupata nafasi ya kuuliza swali lake. Ni lile lile kila baa, na wenye baa wa Mayo, Galway na Clare wamelizoea hata wanalijibu kabla hajafungua mdomo. Muziki hapa ni siku gani? Na filimbi ipo?

Leo anamuuliza Mossie Sugrue, mwenye baa hii ya Kerry kusini, mtu mnene anayepangusa glasi ambazo tayari zinang'aa.

"Kwani wewe umekuja kusafisha au kupeleleza?" anasema Mossie. "Yule Declan wa kabla yako alikuwa anasafisha, anakula sandwichi yangu, anaondoka. Hana habari na mtu."

"Declan hana masikio."

"Ana tumbo lakini. Sandwichi mbili!"

Attracta anacheka, ila macho yake hayacheki. Mwezi uliopita alimwachia Declan njia yake ya Galway, yenye baa za mjini na lami nzuri, akachukua hii ya milimani ambayo hakuna fundi anayeitaka. Declan alidhani amerukwa na akili. Hakumwambia sababu.

Sababu ni kaka yake.

Attracta alizaliwa Sligo kusini, katika nyumba ambamo hata paka alilala kwenye kasha la fidla. Baba yake, Packie Cryan, alipiga fidla na kuheshimiwa parokia nzima. Attracta alifuata fidla. Kaka yake, Enda, aliyemzidi miaka miwili, alishika filimbi ya mbao.

Enda alikuwa na pumu tangu utotoni. Palikuwa na wimbo mmoja wa dansi ambao nyumbani kwao haukuwa na jina, waliuita tu "ule wa Baba", na katika sehemu yake ya pili kulikuwa na mteremko mrefu wa noti usio na mahali pa kupumua. Wapiga filimbi wenye mapafu mazima walikuwa wakiuteremka wote. Enda alikwama katikati. Kwa hiyo akajitengenezea njia yake: aliiruka noti moja, akavuta pumzi hapo, akarudi juu kidogo kabla ya kuendelea.

"Ulikuwa mzuri vile," anasema Attracta. "Leo naujua uzuri wake. Wakati ule nilijua tu kwamba si wa Baba."

Jumapili moja baada ya Misa, baa ya kijijini ikiwa imejaa, Enda akaupiga wimbo ule mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Alipofika pale, akaruka, akavuta pumzi. Packie akauinua upinde wake wa fidla kumsimamisha.

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha muziki anajua uzito wa kitendo hicho. Mtu akianza wimbo, hata kama anauchinja, humkatizi. Unanyamaza, au unamfuata taratibu mpaka ufike mwisho, kisha mnazungumzia mvua. Mwandishi wa makala haya amezichinja nyingi katika miaka yake hapa, na hajawahi kusimamishwa hata mara moja.

Packie alimsimamisha mwanawe. "Basi, basi!" alisema. "Huo si wimbo, huo ni mgonjwa anayepanda ngazi." Watu wakacheka. Kisha akamgeukia Attracta, aliyekuwa na miaka kumi na saba. "Anza wewe. Upige unavyotakiwa."

"Nikaanza," anasema Attracta. "Nikaurudia mara tatu, kama ilivyo desturi. Tena kwa madaha, maana wote walikuwa wananitazama. Nilipoinua kichwa, kiti cha Enda kilikuwa kitupu."

Ilikuja postikadi moja kutoka Coventry, Uingereza. Baada ya hapo kimya. Packie hakuupiga tena wimbo ule mpaka anaingia kaburini, na hakulitaja tena jina la mwanawe. Mama yao, Una, analitaja. Ana miaka tisini, na kila Jumapili jioni Attracta humpigia simu.

"Umesikia chochote huko?"

"Bado, Mama."

"Haya. Umevaa soksi nzito?"

Miaka imekatika hivyo. Wengine husafiri baa hadi baa kwa raha ya muziki, na Ireland wamejaa tele. Attracta husafiri akitafuta pumzi moja. Hukaa pembeni na kikombe chake cha chai, fidla akiwa ameiacha garini, anawasikiliza wapiga filimbi na kungoja wimbo ule ufike sehemu ya pili. Mara nyingi hauchezwi kabisa. Ukichezwa, wanauteremka wote, vizuri kabisa, naye huvaa koti lake akaondoka.

"Nilishakata tamaa, nisikudanganye," anasema. "Nilikuwa naenda kwa mazoea tu, kama mtu anayepapasa mfuko aliokwisha kuupapasa."

Mambo yalibadilika mwishoni mwa kiangazi, katika baa moja ya Clare, Jumapili mchana. Hapakuwa na filimbi siku hiyo. Mkunga mmoja, Dervla Considine, akaanza kupiga fidla, na wimbo ukawa ule ule. Alipofika kwenye mteremko, aliinua upinde, akaacha noti moja ipite kimya, akarudi juu kidogo.

Attracta anasema kikombe kilimponyoka. Filimbi huruka noti kwa sababu mpigaji anahitaji hewa. Fidla haina mapafu. Mpiga fidla anayevuta pumzi mahali pale, kuna aliyemfundisha.

Alisubiri mpaka kikao kikapumzika, akamfuata.

"Samahani dada, huo uliupata wapi?"

"Ule wenye kwikwi?" Dervla alicheka. "Kwa mzee mmoja wa filimbi, Kerry kusini, kwa Sugrue. Alikaa sana Uingereza. Mkali huyo! Nilipoupiga moja kwa moja akaniambia, 'Hapana, hapo unavuta pumzi.' Nikamwambia, 'Mzee, hii ni fidla, haivuti pumzi.' Akasema, 'Hata hivyo, ivutie.'"

Attracta akaenda garini kuitafuta Kerry kusini kwenye ramani.

Leo, katika baa ya Sugrue, jibu la Mossie limechelewa kwa sababu ya sandwichi za Declan, lakini linakuja.

"Muziki ni Jumapili, baada ya Misa. Na filimbi ipo, ndiyo. Yupo mzee wetu, anakaa pale, mgongo ukutani. Chai tu. Akianza kupiga, watu wote huacha kunywa, jambo ambalo mimi kama mfanyabiashara silipendi hata kidogo."

"Ana pumu?"

Mossie anaacha kupangusa. "Kikopo chake cha kuvuta dawa ya pumu hukaa mezani, karibu na sukari. Kwani unamjua? Jina lake..."

"Usiniambie!"

Attracta ameinua mkono kama anayezuia gari.

"Tafadhali, bwana Mossie. Usiniambie jina."

"Anakaa hapo juu tu, dada. Nyumba yenye mlango mwekundu. Nikupeleke hata sasa hivi."

"Ukinitajia jina, likawa si lenyewe, Jumapili sitakuwa na pa kwenda," anasema Attracta. Sauti imeshuka sana. "Niache nibaki na tumaini mpaka Jumapili."

Mossie anamtazama, anaziba mdomo kwa kiganja, kisha anakwenda jikoni bila kuombwa na kurudi na sandwichi mbili. Baadaye, Attracta akiwa chini anasukuma maji mabombani, mwenye baa huyu anainama kumnong'oneza mwandishi jina hilo. Mwandishi naye anakataa. Haingekuwa haki kulijua kabla yake.

Kazi inaisha. Maji yanatoka safi, bia inarudi kwenye koki. Attracta anabeba ndoo zake hadi kwenye gari, ambako mvua inapiga bati, anafungua mlango wa nyuma na kuitoa fidla. Anakaa kwenye sanduku la vifaa na kuanza wimbo.

Unateremka wote, laini, bila kwikwi. Anasonya. Anaanza tena, na mkono unafanya vile vile.

"Unaona? Mkono wa Baba huu. Alinifundisha vizuri mno," anasema. "Wiki nzima najaribu kukosea na nashindwa."

Hajamwambia mama yake. Moyo wa miaka tisini, anasema, si wa kuchezewa. Mpango wake ni mfupi. Jumapili atakuja na fidla, atakaa pembeni kama mgeni yeyote, na kungoja aulizwe kama ana kitu cha kupiga. Mlangoni pa mtu hataenda. Enda aliondoka mbele ya watu, katikati ya wimbo, na ni hapo anapotaka kumfuata.

"Je, wakikuuliza?" anauliza mwandishi.

"Nitaanza mimi. Baba aliniambia nianze, nikaanza, na huo ndio ukawa mwisho wetu. Safari hii nitaupiga wa Enda. Nikifika pale nitavuta pumzi, nimwangalie." Anapangusa shavu kwa mkono wenye harufu ya dawa. "Kama ni yeye, atajua nimejifunza."

Anaweka fidla begani tena. Safari hii anafunga macho, na wimbo unapofika kwenye mteremko anaibana pumzi yake mwenyewe. Upinde unainuka. Noti moja inapita kimya, mvua inasikika juu ya bati, na wimbo unarudi juu kidogo kabla ya kuendelea.