Maua Nyuma ya Bafu

Jirani kafyeka uani leo, na harufu ya mabua mabichi imenirudisha Kyela, siku tuliyomzika mama.

Nyuma ya bafu, palipokuwa na unyevu siku zote, mama alipanda maua ya zambarau aliyoyatoa mtoni. Yalimpita baba kwa urefu, na vipepeo hawakukosekana.

Asubuhi ya mazishi baba mdogo akaja na panga. "Shemeji katuachia pori! Wageni watakaa wapi?"

"Usikate, baba mdogo."

"Mizizi si inabaki? Yataota."

Akafyeka yote, tukatandika majani ya migomba. Vipepeo wakaja, wakazunguka, wakatua kwenye vitenge vya wanawake waliokuwa wakilia. Mmoja akatua gotini kwangu.

"Lia, mwanangu," shangazi akaninong'oneza.

Nilikuwa naogopa nikilia kipepeo ataruka.