Doti ya Bibi

Leo nimeingia dukani hapa Nyasura kumnunulia kanga daktari aliyemwokoa binti yangu wakati wa kujifungua. Muuzaji alipoikunjua, ile harufu ya kanga mpya, ya wanga na rangi, ikanirudisha kwenye ndege ndogo niliyopanda na bibi utotoni, tukitoka Mwanza.

Tulikuwa juu ya ziwa, injini ya upande wangu ikazimika na pangaboi lake likasimama. Bibi akanikumbatia, doti yake mpya ikiwa katikati yetu, nami nikazika pua humo. Mbele hapakuwa na mlango, kwa hiyo niliwasikia marubani: yule mzee anasoma maelekezo kwa sauti, dada kijana anajibu, taratibu, kama watu wanaosali pamoja. Hakuna aliyepandisha sauti mpaka magurudumu yakagusa vumbi la uwanja wa Musoma.

Tuliposhuka, bibi alimvika yule mzee doti yote mabegani.

“Mama, aliyeshika usukani ni huyu,” akasema, akimwonyesha mwenzake. “Mimi nilikuwa nasoma tu.”

“Bila yeye kunisomea ningekosea,” dada akajibu.

Bibi akawatazama. Akaichukua doti yake, akaing'ata katikati, akaipasua, kila mmoja akapata kanga yake.

“Mimi nilikuwaga nadhani ndege inaendeshwa na mtu mmoja,” akasema.

Muuzaji akaniuliza kama daktari atatoshwa na kanga moja, ile nyingine nibaki nayo.

“Zote ni zawadi,” nikamwambia. “Kulikuwa na nesi pia.”