Mihogo Chini ya Bwawa

Nilikuwa wa kwanza mtaani kwetu kulishangilia lile bwawa. Nina mashine ya kusaga unga hapa Lubumbashi, na kwa miaka mingi nilisaga kwa dizeli, moshi ukinitoa machozi, maana umeme ulikwenda migodini sisi tukaachiwa giza. Bwawa lilipoanza kazi upande wa Lukafu, umeme ukawa unakuja asubuhi na kukaa mpaka jioni. Niliajiri watu wawili, mashine ya dizeli nikaiuza. Anayesema mabwawa hayana faida aje anione mimi! Ndivyo nilivyojitapa, na kunenepa nikanenepa.

Mihogo yangu ilitoka kwa mama mdogo, mdogo wa marehemu mama yangu, aliyenilea. Anaishi Lukafu, mtoni, chini ya bwawa. Mihogo ya kwao ni michungu, ina sumu, na kila mtu kule anajua cha kufanya: unaimenya, unaitia magunia, unayafunga kwenye vigingi mtoni, na maji yanaiosha siku nne. Ikishalainika ndipo unaianika.

Msimu wa kwanza wa bwawa nilipofuata mzigo wangu, nilimkuta ameketi ukingoni, anautazama mto. Vigingi vimeng'oka, magunia hayapo. Kule juu bwawani walikuwa wamefungulia maji bila kumwambia mtu.

"Mayi inakuya bila odi," akaniambia. "Asubui iko chini, tunavuka na miguu. Kisha inakuya mara moya, inabeba yote. Hata samaki hatuione tena."

Mto wakati ule ulikuwa umetulia kabisa, na utulivu ule ulinitia woga, sijui kwa nini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi nilikuwa nimeshiba umeme. Nilimhurumia, ndiyo, lakini nilikuwa nikiifikiria mashine yangu imesimama bure.

"Utazobeya tu, mama," nikamwambia. "Lete ile yenye utapata."

Akazoea kweli. Mizigo ikaanza kufika tena, tena upesi kuliko zamani. Mihogo ilikuwa migumu, inagonga ndani ya mashine kama kokoto. Nilionja unga kwa ncha ya ulimi, nikautema. Ulikuwa mchungu. Miaka yote hii ya kusaga, nilijua maana yake, nisijifanye mjinga hapa. Nikauchanganya na unga mwingi wa mahindi, kama watu wa hapa wanavyopenda bukari yao, huu ugali wetu, na uchungu ukafichika. Hakuna mteja aliyelalamika. Kila asubuhi nilipowaona wamepanga mabeseni yao nilitazama pembeni, nikabonyeza kitufe.

Kiangazi nilikwenda tena Lukafu. Mama mdogo hakuinuka kunisalimu. Nilidhani amenikasirikia, mpaka alipojaribu kusimama: miguu imekakamaa, magoti yanagongana, anakanyaga kwa ncha za vidole, ameshika ukuta. Aliamka hivyo siku moja tu wiki iliyopita, bila homa. Muuguzi wa kituo cha afya alisema ni mihogo isiyolowekwa vya kutosha, ikiliwa kila siku bila samaki, na kwamba miguu ile hairudi tena. Nyumba ya tatu kutoka pale kulikuwa na mwanamke mwingine hivyo hivyo.

Niliketi chini karibu naye, nikalia. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

"Courant iko inakuya muzuri kule kwako?" akaniuliza habari za umeme.

"Iko inakuya, mama."

"Basi beba." Akanionyesha kwa kidevu magunia matatu mlangoni, yamefungwa tayari. "Usiogope. Ya kwetu njo ililala siku moya mu mayi. Ya kwako niliichunga pale pembeni ya mto siku mbili."