Jina la Kidigo Nyumbani kwa Mhehe

Juzi, karibu na Kalenga, nilimkuta karani wa sensa akimsihi mama mmoja ambaye usiku uliopita alimlaza kwake kwa sababu ya mvua.

"Mama, mwanao aliye kwenye mkonge Tanga hahesabiwi hapa. Naandika waliolala humu jana tu."

Mama, aliyekuwa akihesabu watu wake kwa vidole, alikunja kimoja polepole.

"Na wewe jana ulilala wapi?"

"Humu humu, mama."

"Kwenu wapi?"

"Tanga, kwa Wadigo."

"Haya, jiandike kwangu. Mama yako atamwandika wangu."

Karani alijikuna kisogo, akajiandika.

Wakubwa wa hesabu, mkikuta jina la Kidigo katikati ya Wahehe, tafadhali msilifute. Mtakuwa mmewanyang'anya akina mama wawili watoto wao.